Mtu wa Nne

Pacha wangu Yusta,

Nakuandikia hadharani kwa sababu njia nyingine zote nimezimaliza. Namba yako ya zamani siku hizi inapokelewa na bwana mmoja wa Songea, mtu mpole, ambaye nilipompigia mara ya tano aliniambia, "Dada, huyo Yusta wako hata mimi sasa nimeanza kumkumbuka." Barua niliyompa dereva wa gari la Ludewa sijui kama ilishuka ule mteremko wa ziwani au mpaka leo iko chini ya kiti chake. Basi hii naiweka mahali ambapo yeyote anaweza kuisoma, nikitumaini kwamba katika hao wowote umo na wewe.

Wasiotujua waelewe kwamba hatukutoka tumbo moja. Wewe ni wa Kifanya, mimi ni wa Makambako, na upacha tulipewa na mkufunzi wetu wa hisabati, Madamu Lusungu, katika chuo cha ualimu pale Njombe, kwa sababu tu siku ya kwanza tulikutwa benchi moja tukigombania kipande cha jua kilichoingia dirishani.

Unaikumbuka siku ile? Jua lenyewe halikukaa. Ukungu ukashuka mpaka kwenye ngazi za darasa, na Madamu akaingia amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Badala ya kufungua kitabu akamwaga njiti za kiberiti mezani. Sisi tulikuwa tumekuja na madaftari mapya, tunasubiri kanuni. Yeye akasema, "Kanuni mtazikuta. Mtoto anayeogopa swali hasaidiwi na kanuni. Kwanza tucheze."

Akatugawa wawili wawili, tukabaki hivyo miaka miwili. Sharti lake halikuwa na msamaha: mwenye penseli hana mdomo, mwenye mdomo hana penseli. Mmoja anafikiri kwa sauti, mwingine anaandika anachosikia tu, hata kama anachosikia ni upuuzi. Mimi, ambaye mama husema nilizaliwa nikijibu, nikapewa penseli. Wewe, ambaye siku tatu za kwanza bwenini nilidhani Kiswahili kinakupiga chenga, ukapewa mdomo. Darasa zima lilicheka.

Swali letu la kwanza lilikuwa la magunia tisa ya viazi. Yote yana uzito sawa isipokuwa moja, jepesi kidogo, na tunayo mizani ya kulinganisha pande mbili. Tunaruhusiwa kupima mara mbili tu, tuseme jepesi ni lipi. Mimi kichwani nilikuwa nimeshaanza kuyabeba moja moja, nusura nipasuke kwa kutaka kusema. Wewe ukavuta kitenge mabegani, ukasema polepole, "Andika magunia matatu."

Nikakukodolea macho. Penseli haina mdomo, lakini macho hayakukatazwa.

"Andika matatu kwanza," ukasema. "Tisa yananitisha."

Ukaona kwamba yakiwa matatu, kupima mara moja kunatosha: moja huku, moja kule, yakilingana basi jepesi ni lile lililobaki chini. Kisha ukayafunga yale tisa katika mafungu matatu, ukayapima mafungu kama ulivyoyapima magunia, na swali likaisha kabla wenzetu hawajamaliza kubishana. Madamu hakukusifu. Alisimama nyuma yako, akachukua penseli yangu, akapiga mstari chini ya lile neno "matatu." Ndivyo nilivyojifunza kwamba tatizo kubwa si lazima ulikabili likiwa kubwa, na nilijifunza kutoka kwa mtu aliyekiri kwamba anaogopa.

Mchezo wa njiti nao ulikuwa wako. Njiti kumi na tano mezani, kila mmoja kwa zamu anachukua moja, mbili au tatu, anayebaki na ya mwisho ameshindwa. Nilikuwa nacheza kwa kubahatisha na kupiga kelele. Wewe ulicheza ukianzia mwisho. Ulinieleza siku moja tukifua: nikikuachia tano umekwisha, kwa maana ukichukua moja mimi nachukua tatu, ukichukua mbili nachukua mbili, ukichukua tatu nachukua moja, na ya mwisho inabaki yako. Kwa hiyo usifikirie kumi na tano, fikiria namna ya kufika kwenye tano. Ulipokuja kwetu Makambako likizo fupi ulimfunga mama yangu mara sita mfululizo kwenye kibanda chake cha chakula karibu na stendi, na mara ya saba ukamwachia ashinde. Mpaka leo mama anajisifu kwa mchezo ule mmoja. Mpaka leo anauliza, "Yule mwenzio mpole yuko wapi?" Nami hujifanya nashughulika na sufuria.

Kulikuwa na sheria nyingine ya Madamu, na hii ndiyo iliyotufikisha hapa. Alikuwa akisema kwamba kumpa mwenzako jibu ambalo bado analitafuta ni wizi. Unamwibia. Ukitaka kumsaidia muulize swali, au mwambie achore, au nyamaza. Aliyekamatwa ameiba alimchotea mwenziwe maji wiki nzima, na wewe unalijua lile bomba la nyuma ya bweni asubuhi za Juni, vidole vinakufa ganzi kabla ndoo haijafika nusu. Mimi nilikuchotea maji wiki nne za mwanzo bila kupumzika. Nilikuwa naona njia kabla yako, mara nyingine, na ilikuwa inanitoka tu. Ukiwa unaoga maji niliyochota ulikuwa unaniimbia nyimbo za kwaya kwa dharau.

Lakini nilijirekebisha. Nilijirekebisha kupita kiasi, kama mlevi aliyeokoka. Kufikia mwaka wa pili nilikuwa polisi wa sheria ile bweni zima. Mtu akisema tu "nadhani jibu ni..." nilikuwa nimeshafika na kidole mdomoni. Nilikuwa najivunia kukaa na jibu kifuani siku mbili, tatu, nikimwangalia mwenzangu anahangaika. Nilidhani huko ndiko kukomaa.

Na bweni letu likazoea kusema kila kitu kwa chemshabongo. "Wasichana wawili, sweta moja kavu, kanisani saa tatu." Jibu lake ulilipata wewe: kwaya yako iimbe ibada ya kwanza, mimi nisali ya pili, sweta ibadilishwe mwili pale kwenye geti la kanisa. Nani alikuwa na viazi, nani hana chumvi, nani kaandikiwa barua na mvulana asiyemtaka, yote yaligeuzwa kuwa swali lenye watu wasio na majina. Watu wa kwetu tunaona haya kuomba. Mtu anaweza kukaa na shida yake mpaka imlaze kitandani kabla hajamwambia jirani "nisaidie." Ile chemshabongo ilitupa namna ya kuomba bila kuinama. Wewe, Yusta, uliyekuwa huwezi hata kuomba sabuni, uliomba kwa njia hiyo tu. Nilipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote.

Pasaka ya mwaka wa pili ulinipeleka kwenu Kifanya. Mama yako alinipokea kwa salamu ya "Kamwene" na kunikumbatia kama nimetoka vitani, akanikalisha karibu na moto. Alikuwa ameshaanza kushika tumbo akiinuka, lakini alisema ni kazi ya shamba. Mdogo wako Nuru alikuwa na miaka saba. Siku ya pili, tukimenya viazi, akaanguka. Kifafa sikuwahi kukiona kwa karibu, nikaruka nyuma, kisu mkononi. Wewe ukasema, sauti yako ileile ya magunia matatu, "Sogeza kigoda. Mlaze ubavu. Usimtie kitu mdomoni. Hesabu tu." Nikamlaza ubavu, nikahesabu kwa sauti mpaka akatulia. Baada ya hapo kila alipoanguka ulinitazama, nami nikaenda. Siku nne zile alianguka mara tatu, na mara ya mwisho uliniacha peke yangu naye, hukuinuka hata kuinuka.

Jioni mama yako alisema kwamba majirani wanampenda sana Nuru ila akianguka wanakimbia. "Wewe hukukimbia," akaniambia. Nilifurahi kusifiwa. Nilikuwa mwepesi sana wa kufurahia kusifiwa.

Kisha ikaja likizo ndefu. Mimi niko Makambako kwenye kibanda cha mama, namenya viazi vya chipsi, kazi ya maana sina, chuo kinafunguliwa baada ya wiki mbili. Simu ikalia kidogo. Nimeuhifadhi ujumbe wako, nimebadilisha simu mbili tangu hapo na bado ninao:

"Pacha, chemshabongo. Watu watatu. Wa kwanza afikishwe Ikonda kabla ya Ijumaa, na hawezi kwenda peke yake. Wa pili hawezi kuachwa nyumbani peke yake, na hospitalini hawezi kukaa. Wa tatu anatakiwa darasani baada ya wiki mbili. Wavuke vipi?"

Nikakujibu papo hapo, vidole vina wanga wa viazi: "Tamu hii! Umeitoa wapi? Ila usitegemee nikuibie. Chora kwanza."

Kesho yake ukaandika, "Nimechora. Nimekwama."

Nikakurudishia maneno ya Madamu, na vile vikatuni vya kucheka nikavipanga vitatu: "Kukwama ndiyo kazi yenyewe."

Ukaandika, "Sawa, pacha."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kabla chuo hakijafunguliwa. Jumatatu kitanda chako kilikuwa kitupu. Nikasema gari limeharibika. Jumanne nikasema utafika na gari la mchana. Jumatano Madamu aliita jina lako mara tatu, nikatoka nje ya darasa nikapiga simu, ukapokea.

"Uko wapi wewe? Unaitwa huku!"

"Niko Ikonda na mama."

"Nuru yuko na nani?"

"Yuko na mimi. Nimemfunga kitenge kiunoni, ncha ya pili nimejifunga mimi. Akianguka nasikia."

Nyuma yako nilisikia mtu anasukuma kitanda cha magurudumu, na mtoto anauliza kama chai imeisha.

"Yusta, si ungeniambia?"

"Nilikuambia, pacha."

Hukusema kwa hasira. Ungesema kwa hasira ningekuwa na cha kukujibu.

Polepole ukanieleza mengine. Ile Ijumaa ilipita ukiwa bado unazunguka nyumba kwa nyumba kutafuta wa kukaa na Nuru. Mlipofika hospitali ya Ikonda wiki iliyofuata, wote watatu, zamu ya mama ya kupasuliwa uvimbe ilikuwa imepita, mkapangiwa tarehe nyingine, na tarehe hiyo ikaangukia katikati ya mazoezi ya kufundisha. Asiyefanya mazoezi hafanyi mtihani. Tulilijua hilo tangu mwaka wa kwanza.

"Nije?" nikauliza.

"Uje kufanya nini sasa? Tukichelewa wawili tumekwisha wawili. Nenda kwenye mazoezi. Angalau mmoja wetu afike."

Nikaenda, Yusta. Nilipangiwa shule nzuri, nikafundisha sehemu kwa viazi vilivyokatwa, mkaguzi akanisifu. Kila siku saa nne wakati wa mapumziko nilikupigia, na kila siku ulisema mama anaendelea. Sikuuliza anaendelea wapi.

Msiba wa mama yako ulinikuta nikiwa nimebakiza mtihani mmoja. Niliomba ruhusa ya siku moja, nikafika Kifanya wakati watu wanarudi kutoka makaburini, jembe bado lina udongo. Mzee wa kanisa alipoambiwa mimi ni nani akanisimamisha mbele ya waombolezaji. Akasema, "Wazee wetu walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mtazameni binti huyu, ametoka chuoni, ameacha mitihani." Watu wakaitikia. Nami nilisimama pale, Yusta. Nilisimama nikainamisha kichwa kama mtu anayestahili. Nilipokiinua ulikuwa unanitazama, na Nuru ameegemea mguu wako. Ukaja ukanipa sahani ya ugali na maharage, ukasema, "Kula, umetoka mbali." Ningependa zaidi ungenimwagia.

Maji yakimwagika hayazoleki, nalijua, lakini mimi ni mtu wa kujaribu kuzoa. Nilipomaliza mtihani nilikwenda ofisini chuoni kuuliza utarudi vipi. Wakaniambia jina lako limefungwa. Nikasema lifungueni. Wakasema, "Si sisi, dada, ni mfumo." Nikauliza huo mfumo unakaa chumba gani nikaongee nao. Yule karani alinionea huruma, akageuza ile kompyuta nione mwenyewe: jina lako, lako kabisa, na mbele yake neno moja jekundu. Mwaka uliofuata nikarudi, nikaambiwa hata mtaala wenyewe umebadilika, ungetakiwa kuanza upya, na sifa za kuanza nazo zimepanda. Niliandika barua mbili. Ile ya pili niliandika vizuri sana. Hazikujibiwa.

Nilikwenda na kwa Madamu. Amestaafu, analima parachichi nje kidogo ya mji, bado anavaa sweta mbili. Nikamsimulia yote, nikamsomea ujumbe wako, nikawa kama nasubiri aniambie kwamba sheria ilikuwa yake na kosa ni lake. Alisikiliza huku anapogoa. Kisha akaniuliza, "Likizo ile ulikuwa unaumwa?"

"Hapana, Madamu."

"Magari ya Makambako kuja Njombe yalikuwa yamegoma?"

"Hapana."

"Sasa mbona hukwenda?"

Hakuuliza tena. Alinifungia parachichi kwenye mfuko, akanisindikiza mpaka barabarani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunipa swali la kuondoka nalo.

Siku hizi nafundisha darasa la tano hapa Makambako. Nimepeleka njiti darasani, wazazi wawili wamelalamika kwamba nawafundisha watoto kuchoma nyumba, nikahamia kwenye vifuniko vya soda. Watoto wanapenda. Tatizo ni mimi. Mtoto akikwama, akainua uso, yale macho yakaanza kuloa, nampa jibu. Siwezi kujizuia. Hata swali la magunia tisa, nawaambia yafungeni matatu matatu kabla hawajalisoma mara ya pili. Mwalimu mkuu aliniita akaniambia kwa upole, "Edina, watoto hawa unawalemaza." Ni kweli. Nawalemaza. Hisabati nitakayowaachia itakuwa ya kuombea majibu, na Madamu akipita akanikuta nitachota maji mpaka nizeeke. Nimejaribu kunyamaza, nahesabu mpaka ishirini nikiwa nimewapa mgongo. Nikifika kumi na mbili nimeshageuka.

Desemba iliyopita nilisikia kwenu Kifanya kwamba mjomba wako aliwachukua, wewe na Nuru, mkakae naye Lupingu, kule ziwani. Nilipanda gari siku hiyohiyo. Sikutengeneza mpango, sikuchora. Kutoka ile baridi mpaka joto la ziwani nilivua nguo moja kila tulipokata kona, na nilipofika nilikuwa nimebeba sweta, koti na kitenge kama muuza mitumba. Wakanielekeza nyumba yenye usipa, dagaa wa ziwani, wameanikwa mbele. Nikapiga hodi.

Nuru ndiye aliyefungua. Amerefuka, Yusta, ana shingo ya mama yenu. Alinitambua, akatabasamu, akasema, "Shikamoo, dada Edina. Dada amesema hayupo."

Nikasimama. Nikasema, "Marahaba. Amesema amekwenda wapi?"

Akageuka akatazama ndani, akasubiri kidogo, akanirudia. "Hajasema."

Ndani kijiko kiligonga sufuria mara moja, kikanyamaza. Tulikuwa hatua sita, labda saba. Miaka miwili tulilala vitanda vinavyogusana na sikuwahi kuwa mbali nawe namna ile. Mimi niliyezaliwa nikijibu, nikasema tu, "Basi mwambie dada asiyekuwepo kwamba Edina amemsalimu."

Gari la kupanda lilikuwa bado. Nikakaa juu ya jiwe nje ya ua wenu, na Nuru akaja kukaa nami, akaniegemea. Hakuna aliyemwita ndani, nakushukuru kwa hilo. Tulikaa hivyo mpaka kivuli kikatuhama. Kisha akauliza, "Bado unajua kunishika nikianguka?"

"Najua."

"Dada alimwambia mjomba ni wewe tu unayejua."

Nilipanda lile gari nikiwa sioni njia. Na tangu siku ile kuna jambo linanikaa kooni, ambalo ningelisema pale mlangoni kama ningekuwa na moyo, na ambalo nililipita pale msibani nilipoinamisha kichwa.

Kwenye simu nilikuachia uamini kwamba sikuelewa. Kwamba nilidhani ni mchezo, kwa kuwa tulizoea michezo. Madamu naye nilimwambia hivyo, na mama yangu, na mzee wa kanisa kama angeniuliza ningemwambia hivyo. Si kweli, Yusta. Chemshabongo yako niliifanya mchana uleule. Nilifuta mikono, nikageuza karatasi ya mkate, nikachora. Sikuhitaji hata nusu saa. Niliandika: kwa watatu haiwezekani, anahitajika mtu wa nne, ambaye wa pili hamwogopi. Nikapiga mistari miwili chini yake. Nikaikunja ile karatasi nikaiweka mfukoni, nikangoja ushindwe ili nikuoneshe.

Na nilikuwa nimeliona neno Ikonda. Chemshabongo zetu hazikuwahi kuwa na mahali. Zilikuwa na mto, au kijiji, au geti. Nililiona, na kwa muda mfupi, kama wa kumenya kiazi kimoja, nilijua kila kitu: wa kwanza ni nani, wa pili ni nani, na ni nani huyo wa nne. Nikafikiria wiki mbili za Kifanya, moshi, mtoto anaanguka, mama yako anaugulia chumba cha pili, na mimi likizo yangu imekwisha. Kisha nikajiambia, hapana, huu ni mchezo, na kwenye mchezo hatuibiani. Nikakuandikia uchore.

Sheria ile niliipenda, lakini siku ile sikuitii kwa kuipenda. Nilijificha nyuma yake.

Sijui kama mama angepona mngewahi ile Ijumaa. Hakuna aliyeniambia na sitauliza. Najua tu kwamba ungekuwa mwalimu, na ungekuwa bora kuliko mimi mara tisa, na kwamba hili siwezi kulirudisha kwa barua, kwa mfumo, wala kwa kuanzia mwisho. Nimeanzia mwisho mara nyingi. Kila nikirudi nyuma nafika pale pale kwenye beseni la viazi.

Sikuombi unifungulie mlango. Kaa "hayupo" muda wote utakaotaka. Lakini Nuru anakua, mjomba anazeeka, na nawe una mwili mmoja. Siku ukibanwa usinitungie swali. Usiseme watu watatu, usiseme wa kwanza na wa pili. Namba yangu ni ileile. Andika "njoo" tu, hata kama bado umenikasirikia, hata kama huna nia ya kunisemesha nikifika. Nitakaa na Nuru nje.

Pacha wako,
Edina